Saumu, Sikukuu na Majina ya Miezi: Tabaka za Lugha katika Kalenda ya Watamil

Mwanzoni mwa mwaka 2008 Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa Bara Hindi, lilipitisha sheria ya namna isiyotungwa mara nyingi: liliuhamisha mwaka mpya. Mwaka wa Watamil, ambao kwa desturi huanza siku ya kwanza ya mwezi wa Chittirai, yaani katikati ya Aprili, uliamriwa uanze siku ya kwanza ya mwezi wa Tai, yaani katikati ya Januari. Serikali iliyoileta sheria hiyo, ya chama cha DMK chini ya M. Karunanidhi, ilishika hoja ya lugha na utamaduni. Tai, ilisemwa, ni mwezi wa mavuno na ni wa Watamil wenyewe. Chittirai umefungamana na hesabu ya miaka sitini ambayo majina yake yote ni ya Kisanskriti. Agosti 2011 serikali ya chama pinzani cha AIADMK, chini ya J. Jayalalithaa, iliifuta sheria hiyo, na mwaka ukarudi mahali pake.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama mashindano ya vyama viwili, na hapana shaka mashindano yalikuwapo. Lakini kwa mwanalugha kina uzito mwingine. Ndani yake mna dai kwamba kalenda ya kale yaweza kupepetwa kama mchele, kilicho cha asili kikabaki katika ungo na kilicho cha kigeni kikapeperuka. Msomaji wa Kiswahili aliyekwisha kusikia mabishano juu ya maneno ya Kibantu na ya Kiarabu katika lugha yake hatauona mzozo huu kuwa wa mbali. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kuziangalia sikukuu na hasa siku za saumu za Watamil walio Wahindu, kwa kuwa siku ya kufunga, kuliko siku nyingine yoyote, humlazimisha mtu kujua leo ni lini.

Yafaa kwanza kueleza muundo wa kalenda yenyewe, maana si hesabu moja bali ni hesabu kadhaa zilizosukwa pamoja. Miezi ni ya jua. Ni kumi na miwili: Chittirai, Vaikasi, Aani, Aadi, Aavani, Purattasi, Aippasi, Karttikai, Margazhi, Tai, Masi na Panguni. Kila mmoja huanza jua linapoingia buruji mpya, Chittirai kwa Hamali na Tai kwa Jadi. Likiingia kabla ya magharibi, siku iyo hiyo huwa ya kwanza. Likiingia baada ya magharibi, mwezi huanza kesho yake. Kwa kuwa mwendo wa jua mbinguni hauonekani kuwa sawa mwaka mzima, Aani huweza kufika siku 32 na Margazhi huweza kuishia 29. Tena buruji zinazohesabiwa ni za nyota zenyewe, si za majira; mwaka wa namna hiyo huuzidi mwaka wa majira kwa dakika ishirini hivi, na kila ipitapo miaka sabini hivi sikukuu za jua husogea mbele kwa siku moja. Ndiyo sababu siku ya kwanza ya Tai bado huitwa siku ya jua kugeuka kuelekea kaskazini, ingawa jua hugeuka kweli tarehe 21 au 22 Desemba. Jina linakumbuka mbingu za takriban karne ya 3. Mbingu zimekwisha kuhama.

Ndani ya miezi hiyo ya jua mna siku za mwezi wa mbinguni, ziitwazo tithi, kumi na tano za mwezi unaokua na kumi na tano za mwezi unaopungua. Sambamba nazo kuna manzili 27 za nyota ambazo mwezi huzipitia mmoja mmoja usiku kwa usiku. Juu ya yote kuna siku saba za juma. Kitabu kinachoyaweka mambo haya pamoja huitwa panchangam, maana yake 'viungo vitano', kwa sababu hutaja siku ya juma, tithi, manzili, na vipimo viwili zaidi vinavyotokana na jua na mwezi kwa pamoja. Kila saumu imefungwa kwenye kimojawapo cha viungo hivi au kwenye viwili vinapokutana. Swali la Mtamil halihusu tarehe peke yake. Huuliza jua liko wapi, mwezi uko wapi, na leo ni siku gani.

Siku za juma zenyewe ni somo dogo la historia ya lugha. Jumapili ni Nyayiru, 'jua'. Jumatatu ni Tingal, neno ambalo kama 'mwezi' la Kiswahili lina maana ya mwanga wa usiku na ya kipindi cha siku thelathini. Jumanne ni Sevvai, 'chekundu', yaani Mirihi. Alhamisi ni Viyazhan, Mushtari. Ijumaa ni Velli, 'cheupe', Zuhura. Jumatano na Jumamosi peke yake, Budan na Sani, ndizo zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka Kisanskriti. Matano ya kwao na mawili ya kuazima: mgawanyo huo huo unapatikana katika Kiswahili, ambamo siku tano huhesabiwa kuanzia Jumamosi na mbili, Alhamisi na Ijumaa, zina majina ya Kiarabu. Ulinganifu huu ni wa nasibu tu, na tena neno 'juma' lenyewe ni la Kiarabu. Lakini waonyesha jinsi mkopo na asili zinavyoweza kukaa katika safu moja pasipo msemaji kuona mpaka.

Ama neno la saumu, Kitamil kina mawili. La kwanza ni viratam, kutoka Kisanskriti vrata, 'nadhiri'. La pili ni nonbu, neno la Kidravidi litokanalo na mzizi wenye maana ya kustahimili na kuvumilia mateso kwa hiari. Ni kosa kudhani kwamba moja ni la wasomi na jingine ni la watu wa kawaida, maana yote mawili husemwa na wote. Hata hivyo kila moja lina makao yake. Saumu zilizoagizwa katika vitabu, kama ile ya siku ya kumi na moja ya mwezi, huitwa viratam. Saumu za wanawake na wasichana, zenye nyimbo, uzi wa kufungwa shingoni na chakula maalumu, aghalabu ni nonbu. Na Waislamu wanaosema Kitamil huiita saumu ya Ramadhani kwa neno hilo hilo nonbu. Uji unaogawiwa misikitini wakati wa kufuturu ni nonbu kanji, na Idi inayofuata ni sikukuu ya nonbu. Dini ilikuja kutoka ng'ambo, lakini neno la kuvumilia njaa walikuwa nalo. Waswahili nao wana saumu ya Kiarabu na kufunga ya Kibantu, na katika hesabu ya miezi wamekwenda mbali zaidi: miezi tisa inayofuata Ramadhani haikuitwa kwa majina ya Kiarabu, bali Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Kenda, na wengine husema Mfungo. Hapo saumu imekuwa ndiyo nguzo ya mwaka.

Kufunga kwenyewe kuna daraja nyingi. Wako wasioonja hata maji. Wako wanaokunywa maziwa na kula matunda. Wako wanaokula mlo mmoja. Wako wanaoacha nyama tu, kama wafanyavyo wengi katika Jumamosi za Purattasi kwa heshima ya Vishnu. Mgeni hushangaa kuona mtu aliyefunga akila vyakula vya ngano au vya nafaka nyingine, kisha akaapa kwamba hakula. Jambo hili halitamshangaza mtu wa bara la Kenya ambaye, asipopata ugali, husema kwamba amelala njaa hata kama amekula viazi. Chakula ni wali. Kuuacha wali ni kufunga.

Katika saumu za jua, iliyo kali zaidi kwa hesabu ni Karadaiyan nonbu. Wanawake walioolewa hufunga katika kiungo cha Masi na Panguni, katikati ya Machi, wakiwaombea waume zao umri mrefu kwa kumkumbuka Savitri aliyemnyang'anya mauti mumewe. Mikate ya unga wa mchele na kunde huwekwa mezani pamoja na siagi isiyotiwa chumvi, na uzi wa manjano hufungwa saa ile ile ambayo jua linavuka kutoka buruji moja hadi nyingine. Saa hiyo yaweza kuwa adhuhuri, na yaweza kuwa saa nane za usiku. Nyumba nzima huamka kwa ajili ya tukio la mbinguni ambalo hakuna jicho linaloliona. Ni panchangam tu iliyosema.

Lakini saumu ya jua yenye historia ndefu kuliko zote ni ile ya Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Andal, mshairi wa kike wa takriban karne ya 8 au ya 9, alitunga Tiruppavai, beti thelathini zinazowaamsha wasichana alfajiri waende kuoga na kushika nonbu: hawatakula samli wala maziwa, hawatatia wanja, hawatavaa maua. Kila siku ya mwezi ina ubeti wake, ingawa, kama ilivyotajwa, Margazhi mara nyingine una siku 29 tu, na jua halikuuliza ushairi. Kwa upande wa waabudu Shiva, Manikkavasagar aliacha Tiruvempavai, beti ishirini za namna iyo hiyo. Zote mbili huimbwa mpaka leo kabla ya mapambazuko.

Sasa, mashairi ya zamani zaidi, yale yanayoitwa ya Sangam, yanataja wasichana wakioga na kushika nadhiri kwa ajili ya kupata waume. Lakini huko kuoga ni kwa Tai, si kwa Margazhi. Je, saumu ilihama mwezi mzima? Wako wataalamu wanaoeleza kwamba haikuhama, ila hesabu ndiyo iliyobadilika: zamani miezi ilihesabiwa kwa mwezi mpevu, na siku zile zile zinazofuata mpevu wa Margazhi zikaitwa Tai, baadaye hesabu ya jua iliposhika, siku hizo zikajikuta ndani ya Margazhi. Maelezo haya yana nguvu, kwa kuwa watu huacha majina upesi kuliko wanavyoacha mapambazuko ya baridi na mto uliojaa. Iwapo ni sahihi, basi hata Tai ya washairi wa kale si Tai ya sheria ya 2008.

Nonbu hii ilisafiri. Huko Bangkok, Wabrahmani wa jumba la mfalme wana ibada ya mwaka iitwayo Triyampawai-Tripawai, ambayo zamani iliambatana na kupanda bembea ndefu mno mpaka bembea hiyo ikakomeshwa mwaka 1935. Majina hayo mawili si mengine ila Tiruvempavai na Tiruppavai, yaliyolainishwa na ndimi za Kithai. Wimbo wa wasichana wa mtoni umekuwa jina la ibada ya wafalme katika nchi ambayo Kitamil hakisemwi.

Saumu za mwezi wa mbinguni ni nyingi zaidi, na nyingi ni za Wahindu wote. Ekadasi, siku ya kumi na moja, huja mara mbili kwa mwezi. Iliyo kuu ni ya Margazhi, ambapo katika hekalu la Srirangam hufunguliwa mlango uitwao wa peponi baada ya siku kumi za kuimba mashairi ya watakatifu wa Kitamil, na siku kumi nyingine za kuimba hufuata. Kesho yake saumu hufunguliwa kwa majani ya agathi na matunda ya nelli, yaliyo makali na yenye kuamsha tumbo. Lakushangaza ni kwamba saumu yenye jina la Kisanskriti na kanuni ya Kisanskriti ndiyo iliyokuwa ngome ya mashairi ya Kitamil hekaluni. Siku ya mwezi kuwa kiza, amavasai, ni ya wazee waliokufa: mwana wa kiume hufunga au hula mara moja, humimina maji yenye ufuta, na kunguru hulishwa kabla ya watu. Amavasai za Aadi, Purattasi na Tai huwakusanya maelfu ufukweni Rameswaram.

Hapa yafaa kutaja Diwali, kwa kuwa ndiyo sikukuu ya Kihindu inayojulikana zaidi Afrika Mashariki, na sheria ya Kenya huitambua kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu. Ila Diwali inayojulikana Nairobi na Mombasa ni hasa ya Wagujarati: taa za jioni ya mwezi kiza, vitabu vipya vya hesabu za biashara, na kesho yake mwaka mpya. Deepavali ya Watamil huja kabla ya mapambazuko ya siku ya kumi na nne ya mwezi unaopungua katika Aippasi. Watu hupakwa mafuta ya ufuta, huoga, huvaa nguo mpya, na ikifika jioni shughuli imekwisha. Wala haifungui mwaka wowote. Jina ni moja, na mara nyingi tarehe ni moja au hupishana kwa siku moja, lakini ni siku mbili za aina mbili. Mara tu baada ya mwezi kiza huo huanza saumu ya siku sita ya Murugan, na jioni ya sita, kwenye mchanga wa pwani ya Tiruchendur, huigizwa kuuawa kwa Suran.

Murugan huyo ndiye anayeingiza hesabu ya nyota. Alilelewa, yasema hadithi, na wanawake sita wa kundi la nyota ambalo Kisanskriti hulijua kama Krittika na Waswahili hulijua kama kilimia, jina lililotoka katika kulima. Mwezi unapopita katika kilimia, wafuasi wake hufunga. Na katika mwezi wa Karttikai, kilimia na mwezi mpevu vikikutana, taa huwashwa kila kizingitini na moto mkubwa huwashwa juu ya mlima wa Tiruvannamalai. Taa hizi si mpya. Mkusanyo wa Akananuru unazitaja, na kilimia humo kinaitwa kwa jina la Kitamil tupu, arumin, 'nyota sita'. Basi hapa mwanalugha ana sikukuu moja na majina mawili yaliyofuatana: jina la Kitamil limebaki vitabuni, jina la Kisanskriti limeshika mtaani, na taa ni zile zile.

Mwezi wenye utajiri mkubwa kuliko yote kwa mtafiti wa desturi ni Aadi, kuanzia katikati ya Julai. Ni mwezi usiooza mtu, wa Mariyamman na miungu wa kike wa vijijini, na Jumanne na Ijumaa zake ni za kufunga. Ni mwezi wa kusi. Pepo zile zile ambazo Mswahili huziita kusi, zilizovusha majahazi kuelekea Bara Hindi, huangusha mvua juu ya milima ya magharibi inakozaliwa Kaveri, na siku chache baadaye maji hufika katika mashamba ya mpunga ya Watamil. Siku ya kumi na nane ya Aadi, kwa kawaida tarehe 2 au 3 Agosti, wanawake huenda mtoni na wali wa namna nyingi, wa ndimu, wa ukwaju, wa nazi, kuulaki mto kama mwanamke mwenye mimba. Sikukuu hii haikungoja tithi wala nyota. Ilifungwa kwenye hesabu ya siku za jua kwa sababu mto nao hufuata jua. Tangu bwawa la Mettur lilipokamilika mwaka 1934, hata hivyo, mto hufuata wahandisi. Milango yake kwa desturi hufunguliwa tarehe 12 Juni ikiwa maji yapo, na mara kadhaa serikali imelazimika kuachia maji kwa ajili ya siku hiyo ili akina mama wasikute mchanga mtupu.

Katika mahekalu ya Mariyamman mwezi huo hupikwa uji, kuzh, na kugawiwa maskini na matajiri kwa pamoja. Uji huo ni wa kelvaragu, nao si mwingine ila wimbi, nafaka iliyofugwa kwanza katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ikavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Kati ya vitu vyote vya kalenda hii vinavyohesabiwa kuwa vya asili kabisa, visivyoguswa na Wabrahmani, uji wa Aadi ndio hutajwa mbele. Na nafaka yake ilitoka Afrika. Wazawa wa vibarua waliotoka Madras na kufika Durban kwa merikebu ya Truro Novemba 1860 bado hupika uji kwa Mariyamman katika Aadi, ambapo kwao ni kipupwe na hakuna mto unaojaa.

Mungu huyo huyo ana saumu isiyo na mfano wake kwa urahisi. Katika hekalu la Samayapuram, karibu na Tiruchirappalli, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Masi, mwenye kufunga ni mungu mwenyewe. Kwa siku 28 hapewi chakula kilichopikwa, ila maji ya madafu, maji ya sukari guru, mtindi mwembamba na matunda, kwa ajili ya afya ya waja wake. Jina la saumu hiyo limechanganya lugha mbili pasipo aibu: maneno mawili ya Kitamil ya njaa isiyopoozwa, kisha viratam. Hakuna aliyetunga sheria ya kulisafisha.

Swali la nani anayesema leo ni lini linahitaji mistari zaidi. Panchangam ni za aina mbili. Ya kale huitwa Vakya, yaani 'sentensi', kwa sababu mahali pa mwezi kwa kila siku ya duru ya siku 248 pamehifadhiwa katika sentensi fupi 248 zinazohusishwa na Vararuchi. Kila konsonanti ina thamani ya tarakimu, hivi kwamba sentensi yenye maana ya kawaida ni namba pia. Wanafunzi wa falaki wa pwani, wanaoijua abjadi ya Kiarabu, watauelewa mtindo huu mara moja, ingawa hapa hesabu imefichwa ndani ya usemi kamili. Mwaka 1825 John Warren, katika kitabu chake Kala Sankalita kilichochapishwa Madras, alieleza jinsi mtunga kalenda wa Pondicherry alivyomhesabia kupatwa kwa mwezi kwa kupanga kauri chini na kukariri, bila kuandika. Otto Neugebauer, aliyeichunguza kazi hiyo mwaka 1952, alionyesha kwamba mwanzo wa kupatwa ulikosewa kwa dakika 4 tu, na mwisho kwa dakika 52. Jambo la kutia mshangao kuliko usahihi ni chombo: lugha iliyopangwa kwa mizani ya kukaririka, ikibeba mbingu.

Aina ya pili, Tirukkanita, hufuata vipimo vya falaki ya kisasa. Tofauti kwa mwezi ni ya saa chache, lakini kwa Zohali huwa kubwa. Kwa Tirukkanita, Zohali iliingia Dalu Januari 2023. Hekalu la Tirunallar huko Karaikal, ambalo ndilo kubwa la Zohali, hufuata Vakya, nalo liliadhimisha kuingia huko tarehe 20 Desemba 2023. Kwa miezi kumi na moja sayari moja ilikuwa katika buruji mbili, na mahujaji walikwenda kwa tarehe ya hekalu. Serikali ya India ilijaribu kuyaweka mambo sawa: kamati ya mwaka 1952, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, ilipendekeza kalenda moja ya taifa, na ikaanza kutumika rasmi tarehe 22 Machi 1957. Imetumika katika gazeti la serikali na matangazo ya redio. Saumu hazikuifuata.

Turejee kwenye mwaka mpya. Tarehe haikuchaguliwa bure na wanasiasa: tarehe 14 Januari 1969, siku ya kwanza ya Tai, ndiyo siku ambayo jimbo la Madras lilianza rasmi kuitwa Tamil Nadu. Siku hiyo ni Pongal, ambapo mchele mpya hupikwa kwa maziwa mpaka chungu kifurike, na jina lenyewe ni la kitenzi cha Kitamil cha kufoka na kufurika. Haina hadithi ya lazima ya mungu, na Watamil wengi wasio Wahindu huila pia. Walioitetea walikuwa na hoja nyingine ya haki: duru ya miaka sitini, kutoka Prabhava hadi Akshaya, haimwezeshi mtu kujua ni sitini ipi, kwa hiyo haifai kwa historia. Ndipo ikawekwa hesabu ya Tiruvalluvar, inayoongeza 31 juu ya mwaka wa Kristo, na 2008 ikawa 2039.

Hoja yao iliyo dhaifu ni ile ya usafi wa jina. Majina ya miezi yote kumi na miwili yalitokana na nyota ambazo mwezi mpevu ulikuwa karibu nazo, na wanaisimu huyarudisha karibu yote kwenye Kisanskriti kupitia lahaja za Kiprakriti: Chittirai kwa Chaitra, Vaikasi kwa Vaisakha, Masi kwa Magha. Tai nao hutokana na Taisha, mwezi wa nyota ya Tishya. Neno hilo limepunguzwa mpaka likawa silabi moja inayosikika kama ya Kitamil tangu Adamu, nalo ndilo lililopewa kazi ya kufukuza Kisanskriti. Wala watetezi wa Chittirai hawana ushahidi safi. Hutaja Nedunalvadai, ambalo linaweka buruji la Hamali mbele ya mengine, na Silappatikaram, linalosimulia sikukuu ya Indra katika Chittirai. Lakini kuanza kwa duru ya buruji si lazima kuwe kuanza kwa mwaka wa watu, na sikukuu ya mji wa pwani si mwaka mpya. Isitoshe, sheria ya Madras haikuwafikia Watamil wa Sri Lanka, ambao walizidi kuanza mwaka wao Aprili pamoja na majirani zao Wasinhala.

Miaka mitatu ya sheria hiyo haikuhamisha saumu hata moja. Karadaiyan nonbu ilibaki katika kiungo cha Masi na Panguni, mungu wa Samayapuram alifunga siku zake 28, na Margazhi uliimbwa. Chungu cha Januari kilifurika kabla ya sheria, wakati wake na baada yake. Na katika Aprili, mwaka uwe umeanza au haujaanza kwa mujibu wa gazeti la serikali, akina mama walichanganya embe bichi, sukari guru na maua ya mwarobaini katika bakuli moja, na panchangam mpya ikasomwa kwa sauti hekaluni, jina la mwaka kwanza, kwa Kisanskriti, kisha mvua na mavuno kwa Kitamil.